Barua ya Limi Imekwama Kalangalala

Jumatano asubuhi duka la Masele la kutoa kopi, pale Kalangalala, lilijaa mpaka mlangoni. Mgodi mmoja kule Bugarama ulikuwa unatafuta watu wa maabara, na kila mtu kashika vyeti. Limi aliingia kwa kusukumwa: gauni la kitenge la njano, viatu vyeupe vilivyokula vumbi lote la Geita. Akaangukia meza, kopi zikamwagika.

"Mwangaluka, kaka," akasalimia kwa Kisukuma. "Samahani."

"Mwangaluka. Okota tu, dada. Vyeti vyako vizito kuliko wewe."

Limi akacheka. Masele akasahau alikuwa anamhudumia nani.

Limi alitaka kutuma maombi kwa kutumia anwani yake ya barua pepe ya chuo alichosoma Shinyanga, ila kwenye simu yake ilikuwa haifunguki. Masele shule aliiacha kidato cha pili, lakini kuandika programu alijifundisha mwenyewe. Aliyoiandika ya kutuma barua pepe ilichukua anwani ya mteja, ikakata kilicho baada ya @, ikabandika smtp mbele, kama seva nyingi za barua zinavyoitwa, basi, hiyo ndiyo seva, kompyuta ya kupeleka barua. Kwa anwani za watu wengi ilikubali kila siku. Limi akaandika neno lake la siri. Kioo kikasema: Imetumwa.

"Imeenda?"

"Imeenda. Ukipata kazi utapata na injinia huko, unisahau."

"Hata sijakujua, nitakusahauje?"

"Basi nipe namba uanze kunijua."

Jioni ile waliongea mpaka simu ya Limi ikaisha chaji. Alhamisi wakala ugali kwa sato pamoja. Masele akamwita mpenzi kwa utani, na Limi hakumkataza.

Ijumaa saa saba mchana Limi akapiga.

"Masele, Euphrasia niliyesoma naye ameletewa meseji ya mgodi, maombi yake yamepokelewa. Mimi kimya. Na mwisho leo saa kumi."

Masele akafungua foleni ya programu, barua zinakosubiri kutoka. Barua ilikuwepo.

"Limi, ipo hapa."

"Hapo wapi?"

"Kwangu. Haikutoka."

"Ndiyo maana ulikuwa unaongea habari za mainjinia. Umeizuia."

"Sijaizuia, mpenzi..."

"Usiniite hivyo." Akakata, akazima simu. Kwa shangazi yake, alikofikia, alikaa kitandani na lile gauni la njano, alilolifua kwa ajili ya kutoka na Masele Jumamosi, akalilia.

Masele akatoa wateja, akafunga mlango. Akasoma kosa: seva aliyoikisia haipo duniani. Barua za chuo zilitunzwa na kampuni nyingine, jina halifanani hata kidogo. Ujinga wa pili ulikuwa wake pia: programu iliandika Imetumwa kabla seva haijajibu. Akafuta kukisia kote. Akaandika upya, programu iulize kwanza mtandaoni rekodi za jina la chuo: barua za chuo zinapitia seva gani, na kwenye seva hiyo mlango namba ngapi? Rekodi zikajibu. Na pale pa Imetumwa akaweka: Nasubiri jibu.

Saa tisa na nusu seva ikapokea. Akamwandikia Limi: "Sikuizuia. Nilikisia. Sasa imetoka."

Limi alipowasha simu akakuta meseji mbili, ya mgodi kwamba maombi yamepokelewa, na hiyo ya Masele. Jua halijazama alikuwa dukani, na gauni lile lile, bado bichi kwenye pindo.

"Kwa nini hukusema hujui?"

"Nilidhani najua. Kwa wengine ilikubali."

"Mimi siyo wengine."

"Nimeona." Masele akashindwa kumtazama. "Ila ukifika Bugarama, wale mainjinia..."

"Unakisia tena. Uliza."

Masele akafuta mikono kwenye suruali. "Limi, nikikuoa utakubali?"

Kwenye kioo barua ya mteja mwingine ilikuwa bado njiani. Limi akagonga kidole juu ya maneno: Nasubiri jibu. Akamwacha hivyo mpaka jasho likamtoka.

"Jumapili baba yuko nyumbani, Mhunze," akasema. "Uje na mtu mzima anayejua kuongea. Wewe, mpenzi, usiongee kabisa."