Prosesa Iliyonunuliwa kwa Karanga

Kila siku akitoka shule, Minza aliteka maji, akaosha vyombo vya shangazi yake Helena, kisha akakimbilia kituo cha vijana kilichokuwa karibu na stesheni ya reli ya Mpanda. Wazazi wake waliishi Litapunga na ng'ombe wao. Yeye aliletwa mjini kwa shangazi ili asome, na kwa kweli alisoma. Lakini roho yake, tuseme ukweli, ilikuwa kule kituoni, kwenye kompyuta.

Ilikuwa moja tu, nzito kama jiwe la kusagia. Siku za kazi, msimamizi wa kituo aliyeitwa Isidori aliitumia kuchapa barua za watu. Jumamosi mchana, jenereta ikishanguruma, watoto waliosaidia kazi za kituo walipangwa zamu kucheza mchezo wa magari. Mwaka huo wa 1999 mgeni mmoja aliwaachia diski ya mchezo mpya. Magari yake yaling'aa, na njia ilipita milimani, mvua ikinyesha. Kompyuta ikauweza kidogo tu. Gari lilinyanyua gurudumu, likafikiri, likanyanyua tena, kama kinyonga anayevuka barabara.

Isidori aliwaeleza kwamba ndani ya kompyuta kuna kitu kiitwacho prosesa. Ndicho kinachofanya hesabu zote, na cha kwao kilikuwa kimezeeka. Wakitaka kipya, akasema, nyuma ya kituo kuna kipande cha ardhi na mvua ziko njiani.

Basi watoto wakalima karanga. Walipalilia, wakafukuza kunguru, wakang'oa, wakamenya mpaka vidole vikauma. Minza ndiye aliyekuwa kiongozi wao, na hakuna aliyemshinda kwa jembe. Karanga zilipouzwa, Isidori hakujifanya mwenye mali. Alisema jasho ni la watoto, kwa hiyo na uchaguzi ni wao. Aliwaomba jambo moja tu: wamsubiri fundi Kasimu aje na treni kutoka Tabora, wamsikilize kabla ya kuamua.

Minza hakusubiri. Alikwishaamua, na alikwishalitangazia darasa zima kuwa watanunua prosesa kubwa kuliko zote. Luhende, mvulana wa dawati la nyuma mwenye ulimi kama wembe, akacheka mpaka akaegemea ukuta.

"Nyie mtauziwa betri ya redio," alisema, "na mtashukuru."

"Jumamosi njoo uone," Minza akamjibu. "Ikiwa si kubwa kuliko zote, nitakubebea begi lako muhula mzima."

Darasa likashuhudia. Neno likishatoka mdomoni mbele ya darasa zima, halirudi.

Ijumaa, bibi yake Minza, Bibi Nyanzala, alifika kutoka Litapunga na kibuyu cha maziwa ya mgando. Bibi huyu alipenda vitendawili kuliko chakula. Jioni aliwatega wajukuu, na kila waliposhindwa aliwadai mji, kama ilivyo desturi. Usiku ule Minza alimpa Tabora, akampa Kigoma, akampa na Sumbawanga. Bibi alilala akiwa tajiri.

Kesho yake Bibi akataka kuiona hiyo mashine inayowanyima watoto usingizi. Wakaenda naye. Alikalishwa kwenye kiti cha Isidori mwenyewe, watoto wakajaa chumbani, na Luhende akasimama mlangoni, begi mgongoni.

Fundi Kasimu, aliyekwisha kufika na treni, alikuwa mtu wa maneno machache. Alitoa prosesa mbili akaziweka juu ya gazeti. Moja ilikuwa na namba mia nne, ndiyo kasi yake, imefungwa ndani ya kasha jeusi. Nyingine ilikuwa kipande kidogo bapa, namba yake mia mbili thelathini na tatu. Minza akanyoosha kidole kwenye ile nyeusi hata kabla fundi hajafungua mdomo.

Kasimu hakuzipokea fedha. Alieleza kwamba ile kubwa haiingii kwenye ubao wa ndani wa kompyuta yao, hivyo ingebidi wanunue na ubao wake. Wakifanya hivyo, hakibaki cha kununulia memori, ile sehemu inayoshika kazi tayari ili prosesa iifanye. Ile ndogo ingekaa vizuri kwenye ubao walionao, na chenji ingewapa memori ya kutosha. Faida yake yeye, alikiri, ilikuwa zaidi kwenye ile kubwa. Lakini alikuwa amekuja na kompyuta yake yenye prosesa ya mia nne na memori kiduchu, sawasawa na ile ambayo wangeipata. Wajaribu kwanza, ndipo wachague.

Minza akakaa kuendesha. Gari liliruka kama mshale, watoto wakashangilia, naye akamgeukia Luhende kwa jicho la ushindi. Kwenye kona ya kwanza gari likaganda. Taa ndogo nyekundu ya kompyuta ikawa inapepesa, inapepesa. Gari likaruka tena, likaganda tena.

Bibi Nyanzala akainama mbele. "Mbona linasimama?" aliuliza. "Lina nguvu zote hizo, sasa linamsubiri nani?"

"Linasubiri memori, bibi," Kasimu akajibu. "Mwenzake ni mdogo, kazi haimfikii kwa wakati."

Minza aliachia kibodi. Maneno yale yalimrudisha Litapunga, msimu wa mwisho wa kulima kabla hajaletwa mjini. Baba yake alikuwa amenunua mnadani maksai mmoja mkubwa mno, pembe zake ukizitazama shingo inauma. Majirani walimpongeza. Akamfunga nira moja na maksai wao mdogo, na Minza akawekwa mbele kuwaongoza. Mkubwa akivuta, mdogo anaburutwa. Mdogo akichoka, mkubwa anasimama. Plau ilikwenda upande, mistari ya shamba ikapinda kama upinde, na wapita njia wakawa wanauliza kama pale panalimwa au panachezwa ngoma. Baba alipombadilisha yule mkubwa kwa maksai wa kadiri anayelingana na mwenzake, shamba liliisha mapema.

Yeye aliyekuwa ameshika kamba mbele ya ng'ombe wale, leo amechagua kwa pembe.

Wenzake walikuwa wakimtazama. Angeweza kukaza shingo. Wangemfuata, maana walimwamini, na begi la Luhende lingebaki mgongoni kwa Luhende. Akasimama.

"Nilikosea," alisema. "Tuchukue ile ndogo na memori. Karanga ni zetu sote, si za kulinda maneno yangu."

Isidori alitabasamu kama mtu aliyekuwa akiliombea neno hilo. Akashirikiana na Kasimu kufungua kompyuta ya kituo. Walitoa prosesa ya zamani, wakaketisha mpya, wakafunga juu yake feni ndogo, wakapachika na memori. Skrini ilipowaka, gari likaingia milimani. Likapita kona ya kwanza, ya pili, mvua ikinyesha, halikusita popote. Ilikuwa raha kulitazama, jinsi kila kitu kilivyompokea mwenzake. Hata Luhende alisahau kudhihaki, akaomba zamu.

Wakati wa kuondoka, Minza alimfuata mlangoni akanyoosha mkono kulipokea begi. Luhende akalivuta upande wa pili.

"Acha," alisema. "Mimi nisingeweza kusema vile mbele ya watu. We niwekee zamu ya Jumamosi ijayo, basi."

Njiani kurudi nyumbani, Minza alimshika Bibi mkono. "Bibi, kitendawili."

"Tega, mjukuu wangu."

"Nina ng'ombe hana pembe wala miguu. Analima amelala, na asipopepewa anaungua."

Bibi akataja chungu. Akataja pasi, akataja mkate wa tanuri. Mwisho akachoka, akasema achukue mji. Minza akaikataa Tabora, akaikataa na Kigoma. Akataka Litapunga, na Bibi akampa huku akinung'unika kuwa sasa ataishi wapi. Aliposikia jibu ni prosesa, akacheka mpaka kitenge kikalegea kiunoni.

Kisha akatulia, akamwambia: "Sikiliza, mwenye Litapunga. Kitu kizuri si kile kinachowashangaza watu. Ni kile kinacholingana na kazi yako na kupatana na wenzake. Hilo umejifunza leo kwa mashine, na baba yako alijifunza kwa ng'ombe. Lakini kilichonifurahisha mimi ni kingine. Ulipoona umekosea, ulisema mapema, fedha za wenzako zikiwa bado mkononi. Ukikua, usiuache moyo huo."

Minza akasema hatauacha. Halafu akamtega kingine, maana bado aliitaka Sumbawanga yake irudi.