Kitufe Kilichotoka Nje ya Kioo

Jumatatu, tarehe tatu Juni, ndiyo siku nyumba yangu ilipozimika. Binti yangu wa miaka kumi na miwili alirudi kutoka shule kama kawaida, akamkuta mama yake sakafuni jikoni, ameshakata roho, simu mkononi. Programu ya zahanati ya kuitia gari la wagonjwa ilikuwa wazi. Namba ya kupiga zahanati walishaiondoa zamani.

"Mama hakubonyeza kitufe cha kuita gari," mkuu wa zahanati alituambia kwa sauti ya mtu aliyeshiba. "Sisi tulikuwa tayari."

Tangu hapo binti yangu hakuingia jikoni. Alisema anasikia kucha zikigonga kioo cha simu, tk, tk, tk. Nami nilizisikia, ila sikumwambia.

Siku moja nilimfuata kwenye klabu ya kompyuta ya shuleni kwao. Walikuwa wanajifunza emuleta, yaani programu inayoigiza simu ndani ya kompyuta. Wakafungua ile ya zahanati. Kitufe chekundu kikatokea, kiking'aa.

"Kitufe kikubwa hivyo!" mwenzake akacheka. "Hata bibi yangu asiyeona angekibonyeza!"

Binti yangu akavuta kibodi. "Mwalimu, hiyo ni simu ya tajiri. Naomba niweke vipimo vya simu ya mama."

Akapunguza upana na urefu wa kioo. Kisha akaongeza msongamano wa nukta zinazochora picha kwenye kioo, mpaka maandishi yakanenepa, kama mama yake alivyoyakuza kwa ajili ya macho. Kitufe kikasukumwa chini, kikatoka nje ya kioo. Ukurasa ukagoma kusogea.

Aliyecheka akainamisha kichwa.

"Baba," binti yangu akanong'ona, "mama alikuwa anakitafuta."

Mwalimu akatupeleka zahanati. Fundi wa programu hakubisha. "Nilijaribu kioo kimoja tu, kama cha simu ya mkuu. Yeye ndiye aliyeikagua."

Basi! Mkubwa akiona vizuri, sisi wengine shauri yetu.

Fundi akarekebisha, binti yangu akimbadilishia vioo vidogo kwenye emuleta, kimoja baada ya kingine, mpaka kitufe kikaonekana kwenye vyote. Mwalimu akamshika bega. "Mwanangu, usiseme kazi imekwisha kabla hujaijaribu kwa kifaa cha mnyonge. Na mtu akilaumiwa, chunguza kwanza."

Mkuu wa zahanati akatoka ofisini, akanyoosha mkono wa pole. Sikuupokea. Nilimuuliza: kabla ya mke wangu, ni wangapi wengine walikufa wakikitafuta kitufe hicho?