Wewe Ndiye Aloo?

Hakuna aliyekaanga omena siku hiyo, lakini chumba cha Milka pale Kaloleni kilinuka omena. Omena mbichi, zile dagaa za ziwani zilizoanikwa ufuoni Usenge zikanyeshewa. Alisugua sakafu mpaka mikono ikamuuma, harufu ikazidi. Halafu, mchana kweupe, akasikia magurudumu ya toroli la dawa yakija koridoni, krii, krii, yakasimama mlangoni pake.

"Wewe ndiye Aloo?" sauti ya bibi kizee ikauliza.

Milka alifungua mlango. Hakukuwa na mtu. Lakini sauti hiyo aliijua.

Ngoja nikwambie, huyu binti hakuonewa. Mwanafunzi wa uuguzi hufundishwa mapema kabisa: usimtajie mgonjwa jina, mwache ajitaje mwenyewe. Milka alilijua hilo na mtihani wake alipita. Lakini asubuhi ile wodini alikuwa na haraka zake, akasimama kwenye kitanda cha dirishani, ambacho sicho, na sindano ya kushusha sukari ya mgonjwa aitwaye Aloo mkononi.

"Dani, wewe ndiye Aloo?" akauliza, akimwita bibi kwa Kijaluo.

Dani Wilfrida, bibi wa watu kutoka Usenge, aliyekuja na kifua tu, akatabasamu. "Eeh, nyathina, mwanangu."

Angesema nini? Mwenye yunifomu akiuliza, wazee wale hukubali, kwao ndiyo adabu. Akachomwa. Sukari ikashuka, jasho likamtoka, akaanza kutetemeka. Milka aliona, akajua, akanyamaza, na dawa ya kumwokoa ilikuwa kwenye toroli lile lile! Bibi akafa, na jamaa waliambiwa ni uzee.

Mwenye nyumba, Mama Nasipwondi, ambaye huombea watu mpaka mapepo yatoke mbio, aliingia chumbani akaziba pua, na Milka akamweleza yote.

"Huyu bibi maombi hayamtoi," akanong'ona. "Anataka useme ulichofanya. Nenda shuleni leo, uwaambie."

"Watanifukuza, Mama. Nimebakisha kidogo tu nimalize."

"Basi akikuuliza, taja jina lako. Lile lingine usilikubali kabisa. Akikupata umekubali, mimi sina la kufanya."

Milka hakwenda. Kila mchana toroli lilirudi, na kila mchana alipiga kelele, "Mimi ni Milka!" mpaka sauti ikakauka, usingizi ukampotea, chakula kikamshinda, homa ikampanda, na Mama Nasipwondi akaita watu wakambeba hospitali, wodi ile ile, na kwa kuwa wodi ilikuwa imejaa akalazwa kwenye kitanda kimoja tu kilichokuwa wazi, kile cha dirishani, ambacho alikitambua kabla hawajamshusha.

Alilia atolewe. Wakasema ni homa inayoongea.

Mchana, wageni walipoondoka, krii, krii. Muuguzi alisimama kando yake, yunifomu nyeupe imepigwa pasi, mwanga wa dirisha umeuficha uso. Harufu ya omena ikajaa.

"Wewe ndiye Aloo?"

Alitaka kukataa. Haki ya Mungu, alitaka! Lakini kichwa kilikuwa kizito, ulimi umekauka, na sauti ile ilikuwa ya upole, ya mtu anayejua kazi yake, na mgonjwa atapata wapi nguvu za kubishana na muuguzi?

"Eeh," Milka akasema.

Pamba ya spiriti, baridi, ikamgusa mkono.

Mgonjwa wa kitanda cha pili alimwona akilowa jasho na kutetemeka, akaita. Wauguzi walikuja mbio, wakachelewa. Hakuna aliyekuwa amepita na toroli mchana huo.

Jamaa zake waliambiwa ni homa.