Uyoga Usio na Funza

Haya yalimkuta Vidmantė, mpeleka barua wa kijiji chetu huko Dzūkija, kusini mwa Lithuania, na yalianza siku ya kawaida kabisa. Jumamosi ya Oktoba, ukungu umeinuka, na kila mwenye miguu yuko msituni na kikapu na kisu. Saa nne asubuhi alirudi, akamwaga uyoga wake mezani, akaanza kuupasua katikati mmoja mmoja. Funza. Funza. Funza tena, wanene, weupe, wakijinyonganyonga kwenye mwanga. Jirani yake Jadvyga alikuwa akichungulia dirishani.

"Shoga, ulikwenda kutafuta uyoga au nyama?"

Vidmantė alicheka na huku moyo unamuungua. Alikuwa ameolewa pale miaka kumi na tisa, na miaka yote hiyo mama mkwe wake, Barbora, aliuza kando ya barabara uyoga mnene wa kofia ya kahawia, safi, bila tundu hata moja. Hakuna aliyejua anautoa wapi. Kwetu mtu atakuazima hata farasi wake, lakini mahali pake pa uyoga hakutajii mpaka awe anakata roho. Kilichomchoma Vidmantė zaidi ni kwamba bibi huyo hakuwahi kuleta hata mmoja mezani kwao. Choyo gani hicho?

Sasa Barbora alikuwa amevunjika nyonga, yuko chumba cha nyuma, anapungua kila siku. Akifa, na mahali pale pamepotea.

"Mama, niambie basi," Vidmantė alimbembeleza akimlisha uji.

"Sikwambii, mkamwana. Nakupenda, ndiyo maana sikwambii."

"Mapenzi gani ya kunyimana?"

Bibi akageukia ukuta.

Vidmantė akatoka uani akamfungua Margis, mbwa mzee aliyefuatana na Barbora kila vuli. Mbwa hajui kuficha siri. Wakapita misonobari, wakazunguka kinamasi, wakafika penye safu ya miti ya magome meupe. Hapo Margis alilala chini akaanza kulia kama mtoto. Alivutwa kamba, hakusogea. Vidmantė akaingia peke yake.

Uyoga ulikuwa umejaa! Mkubwa, mnono, konokono hawajaugusa. Akakata wa kwanza. Kisu kilisita, kisha kikateleza, kama kinapita kwenye ufizi. Ndani ulikuwa mweupe, hauna funza, na una vuguvugu. Alijiambia ni jua. Hapakuwa na jua.

Alijaza kikapu. Kisha, kama afanyavyo kila mchumaji mwenye adabu, akavuta yale majani mororo ya ardhini afunike mashimo yaliyoachwa na uyoga, akayabonyeza kwa vidole.

Kitu kikamnyonya vidole.

Taratibu. Kwa ulimi wa joto, kama ndama. Akachomoa mkono kwa nguvu. Ute mzito ulikuwa umegandia kwenye rangi nyekundu ya kucha zake, na ulinuka kama mdomo wa mgonjwa. Shimoni palionekana pindo la leso ya Barbora, limefungwa fundo. Akalifungua kwa ncha ya kisu. Mvi. Vipande vya kucha. Meno. Meno mengi.

Alitapika palepale, akipiga magoti. Mwingine angekitupa kikapu akakimbia. Lakini Vidmantė alimkumbuka Jadvyga dirishani. Akajifuta mdomo, akakibeba.

Mchana aliukaanga kwa vitunguu, akamwagia krimu chachu. Mumewe Gintautas, mwana wa pekee wa Barbora, alifagia sahani mbili.

"Leo umeniweza, mke wangu! Wewe huli?"

"Nitakula baadaye." Kila akitazama sufuria aliona ule ute.

Sauti ikatoka chumba cha nyuma, ndogo. "Mkamwana. Njoo."

Barbora alikuwa ameketi kitandani, pua inanusa.

"Umeacha nini kule?"

"Sijaacha kitu, mama."

"Nani amekula?"

Vidmantė aligeuka akautazama mlango wa jikoni. Bibi akainua mdomo wa juu kwa kidole. Fizi tupu.

"Pale panataka kitu cha mwili," alinong'ona. "Kila mwaka nilitoa changu, wanaokula wasiguswe. Na bado sikuthubutu kumlisha mwanangu. Usipotoa, panajichukulia kwa aliyekula."

Jikoni Gintautas alikuwa akicheka. "Ebu tazama! Limetoka lenyewe, wala haliumi."

Jino lilikuwa kiganjani mwake. Kwenye pengo, katikati ya mate, palikuwa na kitu cha mviringo. Cha kahawia. Kinang'aa. Kofia ndogo.

Vidmantė alikata kucha zake zote kumi mpaka kwenye nyama, pamoja na rangi yake. Akakata na msuko wake wa nywele. Akakimbia msituni mchana uleule, akafukua, akaweka, akafunika. Chini ya mkono wake, kitu kikameza. Alikisikia kikimeza.

Jioni Gintautas alitema ile kofia kwenye sinki, imenyauka, na meno mengine yakabaki. Barbora alifariki wiki mbili baadaye bila kutaja mahali popote. Vidmantė hakupaka tena rangi ya kucha.

Lakini Agosti iliyofuata meno ya mumewe yalianza kulegea. Ikabidi Vidmantė arudi msituni. Safari hii alitoa jino lake mwenyewe, na uyoga ulikuwa pale, mnono, safi, unamngoja. Aliapa asiuguse. Akaugusa. Aliukausha kwenye nyuzi juu ya jiko, akauuza kando ya barabara, na mteja wa kwanza alikuwa Jadvyga.

"Hauna funza kweli?"

"Hauna."

Krismasi ilipopita, Vidmantė alipeleka barua kwa Jadvyga. Mlango ulifunguliwa kabla hajabisha. Jadvyga hakutania. Alimwonyesha kisahani. Juu yake palikuwa na kipande cha uyoga kilicholowa maji, na ubavuni mwake, umeshika barabara kwenye nyama, ukucha. Mwekundu.

"Nilikikuta ndani ya sufuria, chini kabisa, tumeshamaliza kula," Jadvyga alinong'ona. "Jana nikaukata huo ukucha kwa mkasi, nikautupa motoni. Leo umeota tena."

Vidmantė alificha mikono ndani ya mkoba wa barua.

"Mlikula wote?"

"Wote. Na wajukuu." Jadvyga alimsogelea mpaka pumzi yake ikamgusa shavu. "Unajua vizuri mkesha wa Krismasi kwetu hailiwi nyama, Vidmantė. Niambie tumekula nini."