Siku Mbishi Alipokubali

"Pingamizi la kwanza," alisema Mbishi kwa sauti ya kiungwana. "Meno ya Fuko yamelika kuliko mnavyodhani. Pingamizi la pili, zamu ya jana haikulala vya kutosha."

Mbishi hakuwa na mikono wala miguu. Alikuwa sanduku la chuma lililotundikwa kwenye msumari katika chumba cha zamu, chini ya sakafu ya Ziwa Tanganyika, ambako Fuko, mtambo mkubwa wa kutoboa mwamba, alikuwa akichimba handaki la kwenda Kongo. Kazi ya Mbishi ilikuwa moja tu: kupinga. Kila asubuhi Mzee Ntahondi, mkuu wa kikosi, alisoma mpango wa siku, na Mbishi akautafutia kasoro.

Zamani watu watano wa kikosi kile walipingana wenyewe, na walipingana kwelikweli. Leokadia Bukuru, mhandisi wa miamba, aliwahi kununiana mwezi mzima na Hamduni, fundi wa Fuko, kwa ajili ya pembe ya digrii mbili. Ndipo kampuni ikamleta Mbishi. Mashine ikikukosoa, utamnunia nani? Amani ikarudi, chai ikanyweka, Hamduni akaanza tena kumwita "dada Leo". Walichopoteza hakuna aliyekiona.

Alhamisi moja, akielekea kazini, Leokadia alipangusa tone lililochuruzika ukutani akalilamba, mazoea yake ya siku zote. Kwa miezi minane maji yale yalikuwa ya chumvi, maji ya ndani ya mwamba, kama ya visima vya Uvinza. Siku hiyo hayakuwa na chumvi hata chembe. Yalikuwa maji ya ziwa. Ikiwa ziwa lilikuwa limepata njia ya kushuka, basi mwamba ulikuwa umepasuka hadi juu. Akakaza mwendo.

Chumbani, Mbishi alikuwa akimaliza.

"Kiasi cha maji hakijaongezeka. Nyufa hazijaongezeka. Leo sina pingamizi."

Kwa miaka miwili hawakuwahi kusikia neno hilo. Walipiga makofi.

"Mbishi kakubali! Leo mvua ya mawe!" Hamduni alicheka, akachukua kofia yake. "Naingia mbele nikabadilishe meno."

"Kuna mwenye neno?" aliuliza Mzee Ntahondi, huku tayari akikunja karatasi.

Leokadia alifumbua mdomo. Wiki iliyopita alitia shaka, Mbishi akamsahihisha kwa tarakimu, kikosi kizima kikacheka, naye akacheka nao. Leo aseme nini? Kwamba amelamba ukuta? Kama kuna jambo, mashine si ingejua?

"Hakuna, mzee."

"Dada Leo, niwekee chai yangu," alisema Hamduni mlangoni.

"Nakuwekea."

Maji yaliingia saa nne. Mlango wa dharura ulijifunga wenyewe, kama ulivyoundwa, ukawaokoa wanne. Hamduni alikuwa upande wa pili. Walimsikia akigonga, kisha hawakusikia kitu.

Wachunguzi walimhoji Mbishi, akajibu bila haya: "Ladha ya maji haimo katika vipimo nilivyopewa."

Msibani, Mzee Ntahondi alimvuta Leokadia pembeni. Macho yalikuwa yamemvimba.

"Asubuhi ile niliusikia mwamba ukilia, mwanangu. Nikasema, lingekuwa jambo, Mbishi angelitaja."

Leokadia alitaka kumlaani mzee yule. Angemlaanije, naye alikuwa na ladha ile ile mdomoni?

Baada ya miezi sita kazi ilianza upya, na Leokadia akawa mkuu. Siku ya kwanza alimshusha Mbishi kwa mikono yake, akampeleka ghalani. Asubuhi iliyofuata alisoma mpango mbele ya kikosi, watu wanne, wawili kati yao wageni.

"Nani ana pingamizi?"

Macho yote manane yakainuka kwa pamoja, yakautazama msumari mtupu ukutani.

Leokadia aliweka karatasi mezani na kuvuta kiti.

"Fuko hawashwi mpaka mtu anipinge," alisema. Akaketi, akangoja. Mpaka chai inapoa, hakuna aliyekuwa amesema.