Neno Moja kwa Kituo Namba Nne

BMW X5 nyeusi ilipita robot, taa nyekundu ya barabarani ya Jules Street, kana kwamba haikuiona.

"Eish! Anakimbilia mjini, dada!" Octave akakanyaga mafuta. Golf GTI ikaruka.

Majirani zake wa Malvern walimjua Octave kama fundi cherehani kutoka Bukavu, basi. Pembeni yake alikaa Mwatumu, mwenyeji wa Tanga. Jasusi kwa miaka kumi na mmoja. Mjane kwa miwili.

Simu ikalia. Mzee Shehe, mkuu wake, kutoka Dar.

"Umemwona?"

"Namwona mgongo, Mzee."

"Saa saba anatoa amri. Zimebaki dakika kumi na nne. Namtaka hai, Mwatumu. Umenisikia?"

Mwatumu akakata simu.

Mtu wa ndani ya BMW aliitwa André Kalonda, mwanajeshi wa zamani wa Lubumbashi, sasa mwenye kampuni ya ulinzi hapa Johannesburg. Alitaka kandarasi ya kulinda bomba linalopeleka mafuta ghafi kutoka Sudan Kusini hadi baharini. Mbinu yake ilikuwa fupi. Kwanza alilipue, kisha ajitokeze kama mlinzi.

Mwaka 2016 watu wake walivamia kituo namba nne cha kusukuma mafuta. Mafundi tisa walifungiwa ndani ya karakana, ikatiwa moto. Mmoja wao alikuwa Naseeb, fundi wa kuchomelea, mume wa Mwatumu. Alimpigia mkewe simu akiwa humo ndani. Mwatumu alisikiliza kila kitu mpaka simu ikakatika yenyewe.

Vita vilizidi, kituo kikafungwa, André akakosa kandarasi. Sasa ilikuwa Septemba 2018 na kituo kimefufuliwa. Watu walewale walikuwa wamelala vichakani, mabomu tayari, wakingoja sauti ya André kwenye simu ya setelaiti. Simu hiyo, Iridium, haikushika mawimbi ndani ya gari. Lazima asimame mahali penye mbingu wazi.

"Anatafuta paa," Mwatumu alisema.

Marshalltown. BMW ikapanda ndani ya jengo la kuegesha magari. Golf ikazibwa njia na teksi iliyokuwa ikishusha abiria.

Mwatumu alikuwa ameshashuka.

Ghorofa sita kwa ngazi. Glock mkononi.

André alikuwa amesimama juani, antena ameinyoosha, macho kwenye saa yake. Alipomwona akachomoa Beretta. Risasi yake ikabandua saruji ya nguzo. Ya Mwatumu ikaingia pajani.

André akaanguka. Simu ikateleza sakafuni. Mwatumu akaiokota.

Dakika tatu.

"Weye ni nani?"

"Mke wa Naseeb."

"Naseeb nani?"

Hakuwa anadanganya. Hakumkumbuka kabisa, wala hakuwahi kulijua jina lake. Mwatumu akabandika mdomo wa Glock kwenye paji la uso wake, na kidole kikaanza kukaza. Miaka miwili aliingoja dakika hii.

"Dada!" Sauti ya Octave kwenye spika ndogo ya sikioni, akihema ngazini. "Ukimuua, bomba halijapona. Wasiposikia sauti yake leo, watapiga kesho wenyewe!"

Mwatumu akavuta pumzi. Kidole kikalegea.

Akabonyeza namba ya mwisho iliyopigwa, akamwekea André simu mdomoni.

"Waambie wasipige. Waondoke sasa hivi kwa barabara ya mashariki."

"Kwa nini ya mashariki?"

Bastola ikashuka hadi kwenye goti la mguu wake mzima.

André akasema. Alisema taratibu, kwa sauti ya mkubwa anayewaamuru watu wake. Upande wa pili mtu akajibu, "Sawa, chef. Sawa, mkubwa."

Saa saba ikafika. Ikapita.

Saa saba na dakika ishirini, Mzee Shehe akapiga. "Wamenaswa kumi na mmoja. Wote. Walijileta wenyewe kwenye kizuizi cha jeshi."

Mwatumu akachuchumaa mbele ya André.

"Watu wako wamekamatwa barabara ya mashariki. Mashtaka yako nayo yako kulekule Sudan Kusini. Ukipona mguu unapandishwa ndege. Jela ni moja, André, na wote wanajua ni sauti ya nani iliyowapeleka mtegoni."

Rangi ikamtoka usoni.

"Wale batu bataniua."

"Kwa siku moja? Sidhani. Watakuua polepole."

"Maliza weye." Akamshika upindo wa koti. "Mama, tafadhali. Nipige hapa hapa."

Mwatumu akabandua vidole vya André, kimoja kimoja, akarudisha Glock kwapani.

Octave, aliyekuwa ameshuka kuita polisi, akarudi na wawili wa mji ule. Mwatumu akawapisha mlangoni, akaanza kushuka.

Juu, André alikuwa anapiga kelele akimwita arudi. Sauti ile ilimfuata ghorofa ya tano, ya nne, ya tatu. Mwatumu hakuongeza mwendo. Aliisikiliza yote.

Chini barabarani akavaa miwani yake ya Ray-Ban, akavuka katikati ya teksi.