Oili ya Lori la Vifaranga

Kila siku akitoka shule, Kimya alivua sare, akaitundika nyuma ya mlango, akavaa gauni lililokwisha kula oili mpaka lenyewe lingeweza kutiwa kwenye injini. Kisha alichukua ndoo ya vumbi la mbao, akalimwaga palipodondoka oili na kulisugua kwa fagio mpaka sakafu ya saruji ikauke. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake katika duka la shangazi yake, kando ya yadi ya malori.

Kimya si jina alilopewa na wazazi wake. Madereva ndio waliompachika, kwa sababu alijibu kila kitu kwa kichwa. Akiulizwa kama shangazi yupo, anatikisa kichwa. Akiulizwa kama amekula, anatikisa. Siku moja dereva akamwuliza kama ana ulimi, naye akatikisa vilevile, na yadi nzima ikacheka.

Si kwamba hakuwa na maneno. Alikuwa nayo tele, ila hakuwa na wa kumpa. Mama yake alifariki yeye akiwa bado anajifunza kutembea. Baba yake alifanya kazi mbali, akipiga simu kwa nadra, na kabla mtu hajamaliza kusema "shikamoo" mtandao unakatika. Alilelewa na bibi. Bibi alipozidiwa na maumivu ya miguu, akahamishiwa kwa mjomba. Kwa mjomba alivunja redio, na haukupita muda akajikuta ndani ya basi, anakuja kwa shangazi. Hakuna aliyemweleza kwa nini. Akapiga hesabu mwenyewe: redio imevunjika, mimi nimeondolewa. Tangu hapo alitembea ndani ya nyumba ya shangazi kama mtu anayepita kando ya mtoto aliyelala.

Shangazi naye alikuwa wa ajabu. Dukani alijulikana kama Mama Oili, na mdomo wake ulitosha kugawiwa familia nne na ukabaki. Alitaniana na madereva, aligombana na wachuuzi, alimpigia kelele Fundi Miguu kutoka ng'ambo ya yadi. Huyo fundi aliitwa hivyo kwa kuwa muda wote alikuwa chini ya malori. Watu waliokuwa wakimfahamu kwa miaka hawakuwa na uhakika wa sura yake, lakini miguu wangeitambua popote. Basi shangazi akishafunga duka, mdomo nao unafungwa. Chakula cha jioni kililiwa kwa mlio wa vijiko tu. Kimya aliamini kwamba ile ilikuwa ni hasira iliyotunzwa vizuri.

Shuleni hali haikuwa tofauti. Wasichana wa darasa lake waliruka kamba wakati wa mapumziko, na zamu zilikwisha kupangwa kabla yeye hajafika katika mji ule. Alisimama karibu na ukuta, akijifanya anafunga viatu. Hakuna viatu vilivyowahi kufungwa mara nyingi kama vile.

Jumamosi moja jino la shangazi lilifura. Alijaribu kulinyamazisha kwa maji ya chumvi, jino likazidi kiburi. Akajifunga kanga shavuni, akasema, "Naenda kuling'oa. Uza vilivyofungwa tu. Akija mtu wa oili ya kupima, mwambie anisubiri. Umesikia?"

Kimya akatikisa kichwa.

Wateja hawakuwa wengi. Kimya alipangusa kaunta, akapanga plagi na vichujio, akaona bado kuna saa nyingi na hakuna mtu. Ndipo macho yake yalipotua kwenye rafu ya nyuma, yalipokaa madumu ya oili ya kupima. Mawili yalikuwa na oili ya giaboksi za otomatiki, yote yakiwa yamefika nusu. Moja lilikuwa na karatasi ya bluu, jingine karatasi ya njano. Akafungua vifuniko. Huku nyekundu, na kule nyekundu. Akanusa. Harufu ileile. Akasugua tone moja moja kati ya vidole, akaona hakuna tofauti.

"Kwa nini madumu mawili yenye nusu nusu yajaze rafu?" aliwaza. "Nikiyaunganisha, shangazi atafurahi."

Akashika dumu la njano, akalimimina lote ndani ya lile la bluu bila kumwaga hata tone. Dumu tupu akaliosha kwa sabuni, akalianika. Rafu ikabaki safi kama meza ya mwalimu mkuu siku ya ukaguzi.

Shangazi alirudi shavu likiwa limevimba kama andazi lililoumuka vizuri. Alisimama mlangoni, akatazama kaunta, akatazama rafu. Hakuona kilichopungua, maana mtu aliyetoka kung'olewa jino haoni hata mlango vizuri. Aliona usafi tu. Akanyoosha mkono, akauweka juu ya kichwa cha Kimya, akaushikilia pale kidogo. Hakuwahi kufanya hivyo hata siku moja.

Kimya hakupumua mpaka mkono ulipoondoka.

Alasiri ile honi ililia langoni kwa mbwembwe. Alikuwa Dada Honi, dereva wa lori dogo la kusafirisha vifaranga. Mpira unaopitisha oili ya giaboksi ulikuwa umepasuka njiani, oili ikavuja, na lori likafika likijivuta. Fundi Miguu akaingia chini yake mara moja, ikabaki miguu tu. Alipomaliza kubadilisha mpira, Dada Honi alichomoa kijiti cha kupimia oili, akasoma alama za aina ya oili zilizochongwa kwenye shina lake, akaenda dukani.

"Mama Oili, nataka ya otomatiki, lakini iwe hii hasa niliyoisoma. Nina vifaranga ndani, na mbele yangu kuna mlima. Wakikaa juani pale mlimani, nitafikisha makreti ya maiti."

Shangazi alijibu kwa maneno yaliyotoka yamevimba kama shavu lenyewe. Akainua dumu la bluu, asitambue kwa maumivu kuwa limejaa, akapima oili kwa jagi, akamkabidhi.

Kimya alisimama na fagio mkononi. Akajituliza mwenyewe. Si ilikuwa nyekundu? Si harufu ileile? Na kichwani bado alikuwa anauhisi uzito wa ule mkono.

Fundi alipokuwa akijaza oili, Dada Honi alimwita Kimya. "Wewe mtoto mrembo, njoo uone wageni wangu." Akamfunulia turubai. Vifaranga walikuwa wamejazana kwenye makreti, wa njano, wakilia wote kwa pamoja bila kusikilizana. "Hawa na shangazi yako ni ukoo mmoja," alisema. "Hakuna anayengoja zamu ya kusema."

Kimya alitabasamu. Akachomeka kidole kimoja kwenye tundu la kreti, na kifaranga mmoja akakiegemea, akafumba macho. Alikuwa mwepesi, na alikuwa na joto.

"Dada," Kimya alisema, na sauti yake ikamshangaza mwenyewe, "oili za otomatiki si zote nyekundu tu?"

"Eti nini? Mdogo wangu, damu za watu zote si nyekundu? Mbona hospitali wanapima kwanza kabla hawajamtia mtu?" Akagonga bodi la lori kwa kiganja. "Gari hili halina klachi ya kukanyaga kwa mguu. Oili ndiyo inayobana gia kule ndani. Kila giaboksi ina yake, imetengenezewa. Ukiitia ya mwenzake itateleza, itapata joto, itaungua, na kwa bahati mbaya haiungui hapa kwa fundi. Inaungua mlimani."

Kidole cha Kimya kilikuwa bado ndani ya kreti. Hakukitoa haraka, asimwamshe yule kifaranga. Alikitoa polepole, akarudi dukani bila kuaga.

Kule ndani alisimama nyuma ya rafu. Shangazi alikuwa ameketi kwenye kigoda, amefumba macho, kanga shavuni. Ilikuwa kazi rahisi kunyamaza. Kunyamaza alikujua kuliko somo lolote. Nje injini ilikuwa inanguruma, maana oili ya giaboksi ya lori lile hupimwa injini ikiwa imewashwa na gari likiwa mahali tambarare. Fundi alikuwa anasema, "Imefika alama. Iache ipate joto kidogo, halafu uende zako."

Akisema, mambo yatakuwa yaleyale ya redio. Kutakuwa na basi jingine, na nyumba nyingine ya kutembea kwa ncha za vidole, na hakujua ndugu gani alibaki. Asiposema, hakuna atakayejua. Ila yule kifaranga aliyefumba macho atapandishwa mlimani.

Alisikia mlango wa lori ukifungwa. Akatupa fagio, akakimbia kando ya ukuta mpaka langoni, akakishusha kizuizi cha chuma na kuking'ang'ania kwa mikono yote miwili.

"Zima gari!" alipiga kelele. "Dada, zima! Oili si yake! Nimeichanganya mimi!"

Watu wote waligeuka. Hata wapakiaji walishusha magunia. Mmoja akasema, "Jamani, kumbe anaongea!" Injini ikazimwa. Miguu ya Fundi Miguu ikatokea, safari hii ikiwa na mwenyewe juu yake, na shangazi akaja amejishika shavu.

Kimya alieleza yote: bluu, njano, nusu kwa nusu, rafu safi. Alieleza akitazama chini, na machozi yalidondoka palepale kwenye vumbi la yadi.

Dada Honi alivuta pumzi ndefu. "Bado sijatia gia," alisema. "Fundi, je?"

"Imezunguka tu, haijafanya kazi," Fundi alijibu, akijikuna kidevu ambacho wengi walikuwa wanakiona kwa mara ya kwanza. "Nitaimwaga. Nitajaza safi, niizungushe, nimwage tena, ili iliyojificha ndani itoke. Halafu nijaze ya safari. Ni kazi mara mbili na mgongo ni mmoja, lakini gari ni zima."

Shangazi alimsikiliza fundi mpaka mwisho. Alirudi dukani, akatoa madumu mapya ya oili yenyewe, yaliyofungwa bado, akayabeba kifuani mpaka kwenye lori. Dada Honi aliwahamishia vifaranga kivulini, akawapa maji. Hakuna aliyemtazama Kimya. Naye akaona ni afadhali awarahisishie.

Aliingia chumbani, akavuta begi chini ya kitanda, akaanza kukunja nguo. Hazikuwa nyingi. Sare ya shule aliikunja mara mbili, akaikunjua, hakujua huko aendako sare ya shule ina rangi gani.

Alipoinua kichwa, shangazi alikuwa mlangoni.

"Safari ya wapi?" aliuliza, kwa shida, kwa upande mmoja wa mdomo.

"Sijui, shangazi. Popote mtakaponipeleka."

"Nani kakwambia unapelekwa?"

"Kwa mjomba nilivunja redio, nikaondolewa."

Shangazi aliketi kitandani, kitanda kikalalamika. Alimtazama yule mtoto kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza, na huenda ndivyo ilivyokuwa.

"Redio gani?" alisema. "Mjomba wako hakukuondoa. Mimi ndiye niliyeomba uje kwangu. Nilimsumbua kwa simu mpaka akachoka. Nyumba hii ilikuwa imenishinda kwa ukubwa. Mchana nina watu wa kuongea nao. Jioni nikifunga duka nilikuwa nasikia saa ya ukutani tu. Nikasema, nikipata mtoto wa kaka yangu, tutakuwa wawili."

"Lakini jioni husemi kitu, shangazi."

"Nimezoea vibaya. Na wewe husemi. Nikadhani hunipendi."

Walitazamana. Kwa watu wawili waliokula meza moja muda wote ule, walikuwa wamekosana kwa kunyamaza tu.

Nje injini ilinguruma tena, safi, bila kukwama. Honi ililia kwa mbwembwe mara kadhaa, na sauti ya Dada Honi ikapita dirishani: "Mama Oili! Mwambie Kimya vifaranga wanamsalimu, na jina hilo halimfai tena!" Kisha lori likatoka langoni, likashika barabara ya mlimani, gia zikipanda moja baada ya nyingine bila kuteleza.

Shangazi alisikiliza mpaka mlio ulipopotea. Kisha akamvuta Kimya akae karibu naye.

"Sasa nisikilize, maana leo kusema kunaniuma na sitarudia. Kuchanganya oili ni kosa lako, na la kwangu pia, kwa kuwa nilikupa fagio nisikupe maelezo. Kuanzia kesho nitakufundisha kusoma alama za kila dumu. Usichokijua, uliza, hata kama unaona aibu. Na ukiharibu kitu, sema mapema, gari likiwa bado uani. Likiwa uani tunamwaga oili na kutia nyingine. Ukingoja lifike mlimani, tutalifuata kwa kamba, na wale viumbe tutawakuta wamekufa. Leo umesema kwa wakati. Umenitia hasara, na bado nimefurahi. Umenielewa?"

Kimya alitaka kutikisa kichwa, akajizuia.

"Nimeelewa, shangazi." Halafu akauliza, taratibu, "Kwa hiyo nitoe nguo?"

"Zitoe. Na hilo begi nipe. Matambara ya dukani hayana pa kukaa."

Kimya alilimimina begi kitandani, akampa. Jioni ile walikunywa uji, kwa sababu ya jino, na kwa maongezi yao vijiko havikusikika kabisa.